Hata Sisi wa Kompyuta ni Vibarua

Niliahidi sehemu ya pili ya makala ya PostgreSQL na najua kuna mtu atanikumbusha. Itangoja kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi, na nisipolitoa nitaendelea kuwajibu watu kwa ukali bila sababu.

Alhamisi tulikuwa wanne kwenye kibanda cha chakula karibu na kazini, wote waandishi wa programu, kila mtu na sahani yake ya ugali na matumbo. Redio ya mama mwenye kibanda ikatangaza notisi ya mgomo. Ya kina nani sikumbuki, nchi hii haikosi notisi. Mwenzetu mmoja akacheka. Akasema hawa watu wangejifunza kuandika programu wasingekuwa na shida, maana sisi hatuhitaji chama: bosi akikusumbua unahama, na mshahara unapanda. Tukakubali sote. Hata mimi niliitikia kwa kichwa kama mjusi kafiri.

Jioni, nikiwa kwenye matatu, nikaikumbuka ile saa.

Nilipomaliza chuo na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta, kazi ya kwanza niliipata katika kampuni moja hapa Nairobi (jina nitaliacha) iliyokuwa ikifanya kazi za wateja wa ng'ambo. Ghorofa ya chini kulikuwa na ukumbi wa vijana kama sitini waliokuwa wakiweka lebo kwenye picha: hili ni gari, hii ni taa ya barabarani, huyu ni mtu anavuka. Unajua jinsi gari linalojiendesha linavyotambua kwamba ule ni mti? Kuna mtu alichora mstari kuuzunguka mti, kisha mwingine, kisha elfu nyingine, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mahali kama Nairobi. Watu husema akili unde inajifunza yenyewe. Haijifunzi yenyewe hata kidogo.

Kazi yangu mimi, wa ghorofa ya juu, ilikuwa kuandika mfumo wa kupima muda wao. Agizo lilikuwa rahisi: kipanya na kibodi zikikaa sekunde 120 bila kuguswa, saa isimame, na saa ikisimama malipo nayo yasimame. Niliandika kwa siku mbili na, kusema kweli, niliifurahia kazi hiyo. Nilijaribu kila hali niliyoweza kuifikiria: umeme kupotea, mtandao kukatika, mtu kufungua madirisha mawili kwa pamoja. Hali moja haikunijia. Wiki ya pili dada mmoja wa ukumbini alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza, bila hasira yoyote, "Kaka, hii saa yako inajua mtu akienda choo?"

Nikamwambia nitaliangalia. Nikaripoti hitilafu kwenye mfumo wetu wa kufuatilia kazi. Ripoti ikafungwa siku hiyo hiyo, na maelezo kwamba programu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa.

Miezi michache baadaye ukumbi ukasimama. Asubuhi moja, saa nne kamili, wote waliondoa mikono kwenye kibodi. Walitaka mambo mawili: muda wa kwenda choo ulipwe, na mikataba iwe ya mwaka badala ya mwezi mmoja mmoja. Hawakupiga kelele wala kuvunja kitu. Saa saba mchana waliambiwa malalamiko yamepokelewa, wakarudi kazini. Mimi nikaitwa juu. Nikaombwa orodha: nani aliacha kazi wa kwanza, na wengine wakafuata kwa mpangilio gani. Data ilikuwapo. Mimi ndiye niliyeihifadhi, mpaka sekunde. Niliandika ulizo la mistari sita, nikatuma majibu kwa barua pepe, nikaenda kunywa chai.

Mwisho wa mwezi watu kumi na mmoja hawakupewa mikataba mipya. Hakuna aliyefutwa, kumbuka. Hapakuwa na barua, kikao cha nidhamu wala sababu. Mkataba wa mwezi mmoja ulikuwa umefika mwisho, basi. Yule dada wa kwenye ngazi alikuwa mmoja wao. Mimi niliongezwa shilingi elfu kumi.

Nimekuwa nikijiambia kwamba yule meneja alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya sana. Alikuwa akiulizwa maswali na mteja kila Ijumaa kama mimi nilivyoulizwa naye. Kosa liko kwenye muundo, na sisi watu wa mifumo tunapaswa kuwa wa kwanza kuliona. Juu kabisa kuna mteja, California au kwingineko. Katikati kuna kampuni iliyopewa kandarasi. Chini kuna mtu mwenye mkataba mfupi. Amri zote zinatoka juu: kasi ya kazi, idadi ya makosa yanayovumilika, programu ya kutumia, hata muda wa kupumzika. Lakini mfanyakazi akitaka kudai kitu, njia hiyo hiyo imefungwa. Mteja atasema huyu simjui, sikumwajiri. Kampuni ya kati itasema si sisi tulioamua. Ni kama ukuta wa moto uliopangwa kupitisha amri kwenda chini na kuzuia kila kitu kinachopanda.

Kama unadhani natia chumvi, fuatilia kesi ambayo imekuwa mahakamani hapa hapa Nairobi. Daniel Motaung alitoka Afrika Kusini mwaka 2019 kuja kufanya kazi ya kukagua maudhui ya Facebook, akiwa ameajiriwa na kampuni ya kati, Sama. Kazi hiyo ni kutazama yale ambayo mimi na wewe hatuyaoni kwa sababu kuna mtu ameshayatazama kwa niaba yetu: watu wakichinjwa, watoto wakinajisiwa, mtu akijiua moja kwa moja kwenye video. Mwaka huo huo alijaribu kuwakusanya wenzake wadai malipo na mazingira bora. Akafutwa, kampuni ilisema sababu ni mwenendo wake kwa wenzake. Jarida la TIME lilipoandika habari hiyo Februari 2022 lilieleza kwamba baadhi ya wakaguzi walikuwa wakibaki na kama dola 1.50 kwa saa. Mei mwaka huo Motaung akaishtaki Sama na Meta pia.

Utetezi wa Meta ulikuwa ule ule wa ukuta wa moto: hatuko Kenya, hatukumwajiri mtu, mahakama yenu haina mamlaka juu yetu. Februari 2023 Mahakama ya Uajiri na Leba ilikataa hoja hiyo. Wakati huo Sama ilikuwa imeshatangaza kwamba inaachana na kazi ya ukaguzi, na wakaguzi kama 260 wameambiwa nafasi zao zimekwisha. Machi 2023 wakaguzi wengine wakafungua kesi ya pili, na baadaye walalamikaji wakafika 184. Juni jaji akatoa uamuzi wa muda ambao kila mwandishi wa programu angepaswa kuusoma: kwamba Meta inaonekana kuwa mwajiri mkuu, kwa kuwa kazi ni yake na mahali pa kazi, yaani mfumo wenyewe ambao watu wanaingia kwa nywila kila asubuhi, ni pake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Desemba 2024 zikatangazwa ripoti za daktari zilizowasilishwa katika kesi hiyo, zikionyesha zaidi ya watu 140 waliopimwa na kukutwa na maradhi ya kiwewe kutokana na waliyoyatazama.

Ofisi siku hizi ni ukurasa wa kuingia. Anayeumiliki ukurasa huo na kuandika kanuni zake ndiye bosi, hata kama jina kwenye hati ya malipo ni la mtu mwingine. Mimi nasema sheria iandikwe hivyo waziwazi, isingoje kila mara mtu aumie kwanza ndipo jaji aamue. Lakini wabunge wetu walisukuma upande wa pili: mwaka 2024 mswada uliletwa Seneti uliokusudia kuyaacha madai ya wafanyakazi mikononi mwa kampuni ya kati, mteja wa nje asiguswe. Eti tuvutie wawekezaji.

Pesa zenyewe zinagawanywa vipi? Januari 2023 TIME tena iliandika kuhusu Wakenya waliosaidia kuifanya ChatGPT isitoe uchafu. Mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa kutoka OpenAI kwenda Sama. Mfanyakazi alifika nyumbani na kati ya dola 1.32 na 2. Sama ilieleza kwamba ile 12.50 inalipia pia majengo na viongozi wa timu, na ni haki kulitaja hilo. Lakini ukipiga hesabu mwenyewe utaona pengo linaloingia lori.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu mchezo huu si mpya hata kidogo, na neno lake lipo katika Kiswahili tangu babu zetu. Kibarua ni barua ndogo: kile kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi ya siku kule pwani. Unacho, unalipwa. Huna, hukufanya kazi. Bandarini Mombasa makuli walichukuliwa siku kwa siku. Meli ikija unaitwa, isipokuja shauri yako. (Sisi tunaoandika mifumo ya kuingilia tuna tokeni inayokwisha muda wake baada ya saa moja. Naona ni ndugu wa karibu sana wa kile kikaratasi.) Mwajiri aliupenda mpango huo kwa sababu ile ile kampuni yangu ilivyoupenda mkataba wa mwezi: huhitaji kumfukuza mtu ambaye kila siku anaanza upya.

Lakini makuli hao waligoma 1939, na Januari 1947 Mombasa nzima ikasimama, watu kama 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahotelini, hata wa majumbani. Walikutana kila siku kwenye uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia aliyewaongoza akakamatwa mwaka huo huo na kupelekwa mbali kuzuiliwa. Makhan Singh, aliyeanza kuunda vyama vya wafanyakazi Kenya tangu miaka ya 1930, alikamatwa 1950 na hakuachiliwa hadi 1961. Hata hivyo wakoloni wenyewe walilazimika kuanza kuondoa vibarua wa siku bandarini na kuweka wafanyakazi wa kudumu. Si kwa huruma. Waliona kwamba watu wasio na cha kupoteza wanaweza kuifunga bandari. Sisi tumesoma, tuna kahawa ya bure ofisini, na tumekirudisha kile kikaratasi kwa kutumia Python.

Najua mtakayosema, kwa sababu nimekuwa nikiyasema mwenyewe.

Kwanza, kwamba tukidai sana kazi itahamia kwingine. Sitaficha, hofu hii ina ukweli. Baada ya kesi za Nairobi ukaguzi wa Meta ulifanywa Accra, kupitia kampuni nyingine ya kati, na iliripotiwa hivyo mwaka 2025. Lakini ripoti hizo hizo zilisema nini? Kwamba wakaguzi wa Ghana nao wanalalamikia malipo na kiwewe, na wanasheria wanaandaa kesi. Kwa hiyo Mkenya akinyamaza ili kazi isiende Ghana, na Mghana akinyamaza ili isiende kwingine, bei itashuka mpaka mmoja afanye bure. Mei mosi 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 wa Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama cha wakaguzi wa maudhui wa Afrika. Wa Afrika, si wa mtaa. Naona waliielewa mantiki ya mtandao kuliko sisi tuliosomea mitandao miaka minne.

Pili, kwamba chama ni cha wasiosoma. Hii ndiyo inanikera zaidi. Daktari wa Kenya amesoma kuliko mimi na wewe, na madaktari walisajili chama chao 2011. Mwaka 2013 walitia saini mkataba wa pamoja na serikali. Ulipopuuzwa, waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na viongozi wao saba wakalala jela kwa siku kadhaa. Waandishi wa filamu wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, na moja ya waliyoyapata ni masharti kuhusu akili unde: kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi aitumie. Hao ni watu wa kalamu. Na sisi, ambao tunaombwa kila siku tuifundishe mashine kazi zetu, tumeandika mkataba gani?

Tatu, kwamba mwandishi wa programu anahama tu. Waulize waliokuwa ofisi ya Twitter kule Accra. Novemba 2022 karibu wote walifutwa, siku chache tu baada ya kuhamia ofisi mpya. Kuhama kunafaa ukiwa peke yako na soko likiwa zuri. Siku wanapofutwa elfu kumi na moja kwa mpigo, kama Meta ilivyofanya mwezi huo huo, unahamia wapi?

Na la nne, kwamba vyama vyetu vimeoza. Wapo viongozi waliozeekea vitini na wanaotukumbuka Mei mosi tu, sibishi. Lakini seva ikiharibiwa na msimamizi mbovu, hatusemi basi tuishi bila seva.

Sasa sheria, kwa ufupi, maana wengi wetu hatujui tulicho nacho. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na ya kugoma. Haijasema isipokuwa wa kompyuta. Lakini soma Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007: mgomo halali unahitaji mgogoro uwe umepitia usuluhishi, kisha notisi ya siku saba iliyotolewa na mwakilishi wa chama. Ile saa tatu ya ukumbi wetu, kwa mujibu wa sheria, haikuwa na kinga yoyote. Haki ipo ndani ya nyumba lakini ufunguo anao aliye na chama. Na chama nacho, ili mwajiri alazimike kukitambua, lazima kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoruhusiwa kujiunga. Hebu fikiria kazi moja, ya mteja mmoja, iliyogawanywa kwa kampuni tano za kati, nusu ya watu wakiwa nyumbani Kisumu na Eldoret na hawajawahi kuonana. Nusu ya nini? Ya nani? Sheria hiyo iliandikwa ikifikiria kiwanda chenye lango moja.

Sheria ya Ajira, ya mwaka huo huo wa 2007, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi, mkataba wake unageuka kuwa wa kudumu kidogo, na ana haki zake. Vizuri sana. Kwa hiyo wajanja waliacha kuwaita watu vibarua, wakawapa mikataba ya muda maalum ya mwezi mmoja, na mahakama zetu mara nyingi zimesema mkataba wa namna hiyo ukiisha umeisha. Wa tatu, wa tisa, wa ishirini, mtu yule yule kwenye kiti kile kile. Ningetaka kipengele kimoja tu kiongezwe: mkataba ukirudiwa mara tatu kwa kazi ile ile, unahesabiwa kuwa wa kudumu, na asiyeurudisha aeleze sababu kwa maandishi. Kwa kipengele hicho peke yake, wale kumi na mmoja wangeweza kuuliza kwa nini, na mtu angelazimika kujibu.

Ninyi mnaoandika mifumo kama niliyoandika, ninalo ombi, na halingoji Bunge. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Inasema data ya mtu ikusanywe kwa kusudi lililotajwa, isitumiwe kwa jambo jingine lisiloendana nalo. Inampa mwenye data haki ya kuiona. Data ya malipo niliyoikusanya niliigeuza kuwa orodha ya waliothubutu, na hakuna aliyenilazimisha. Ilinitosha kuombwa kwa upole. Ukiitwa juu ukaombwa orodha kama hiyo, omba ombi hilo liandikwe na litiwe saini. Uliza ni kwa kusudi gani. Utashangaa mara ngapi ombi litajifia hapo hapo. Na ukiombwa saa inayosimama kwa sekunde 120, weka kitufe cha mapumziko kinacholipwa kwenye toleo la kwanza kabisa, kabla meneja hajazoea takwimu zisizo nacho. Ni kama mistari thelathini, na ukitaka nikuonyeshe niandikie.

Yule dada nilimtafuta Ijumaa. Namba yake ya zamani haipatikani. Mmoja wa wale wengine kumi nilimpata, anauza vifaa vya simu Luthuli. Nilimweleza habari ya ulizo la mistari sita. Alinyamaza kidogo, kisha akasema walikuwa wamekisia. Akaniuliza kama nimeshajiunga na chama chochote. Sijajiunga. Tumekubaliana na wenzangu wawili kati ya wale wa kibandani kukutana Jumamosi ijayo tusome masharti ya usajili; yule aliyecheka bado anacheka, lakini ameuliza saa ngapi.

PostgreSQL wiki ijayo, Mungu akipenda.